Kijana Mwenye Mvi na Fungu la Wazee

Mjomba wangu Kibwana alikuwa kijana kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Meno ya mbele yalimtoka akiwa kijana. Mvi zilimjaa kichwani akiwa kijana. Mgongo ulimpinda akiwa kijana, na binti yake Mboni alipomletea mjukuu wa kwanza, watu walikuja kumpongeza kijana. Si kwamba Kongowe yetu hii ya Kibaha ilikuwa na uhaba wa wazee. Wazee walikuwepo wa kumwaga, wengine bado wakivunja mifupa ya mbuzi kwa meno. Kilichoadimika kwetu kilikuwa ujana, na mjomba ndiye aliyeachiwa.

Ili usidhani nimechanganyikiwa, lazima nieleze habari za Fungu la Wazee, na Fungu halielezeki bila kumtaja Mwinyimadi, Mungu amrehemu. Mimi sina haraka ya kumwombea, lakini amrehemu.

Mwinyimadi alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule Kisarawe, miaka ya mwanzo ya Waingereza. Siku moja, akimpakulia mchuzi, bwana wake alimwambia kwamba anarudi kwao moja kwa moja.

"Utafanya kazi gani huko, bwana?" Mwinyimadi aliuliza.

"Sitafanya kazi. Nitalipwa pensheni."

"Utalipwa kwa kazi gani?"

"Kwa ile niliyokwisha kuifanya."

Mwinyimadi alitua bakuli mezani asije akalimwaga. Alitaka kujua ni nani atakayemlipa mtu aliyekaa kitako, akajibiwa kuwa ni wale wanaofanya kazi sasa, na wao wakichoka watalipwa na watakaokuja nyuma yao. Mpishi wa watu hajasikia utamu kama huo tangu aanze kuonja vyungu. Yule Mzungu alipoondoka alimwachia koti lililotoboka kiwiko kimoja, akamshika mkono, akamwambia ahsante sana. Mwinyimadi akarudi Kongowe kwa miguu, koti begani na wazo kichwani, na katika vitu viwili hivyo koti ndilo lililokuwa zima zaidi.

Ijumaa moja baada ya sala aliwasimamisha watu barazani pa msikiti, akawaeleza. Kila mwenye nguvu atatoa sehemu ya mavuno yake, mpunga na muhogo, iwekwe katika ghala moja. Chakula hicho kitawalisha wazee. Mwenye nguvu wa leo ni mzee wa kesho, naye atalishwa na wa kesho. Atakayekosa kutoa hata msimu mmoja, haki yake yote imepotea. Watu wakaona maneno matamu, maana kila mmoja alijiona yuko upande wa kulishwa. Mtu mmoja tu aliuliza swali la maana: tutajuaje nani mzee? Mzungu ana karatasi ya kuzaliwa. Sisi twajua tu kuwa fulani alizaliwa mwaka wa njaa, na njaa zilikuwa nyingi.

"Tutahesabu kwa jando," Mwinyimadi alisema.

Wote wakaitikia kwa vichwa. Kwetu sisi huo ndio umri. Aliyekutangulia kuingia kumbini, kibanda cha jando porini, ni mkubwa wako, hata kama wewe ndiye uliyekuwa ukimfuta kamasi. Mliotahiriwa kumbi moja ni rika moja, umri wenu mmoja, mpaka kaburini. Wakakata shauri: rika likishaona majando matatu yametoka nyuma yake, basi limezeeka, liweke jembe chini likalishwe. Kila jando litaleta mikono mipya ya kulima na kupandisha wakubwa juu. Jambo lilikuwa safi, halina dosari, kama mambo yote yanavyokuwa siku ya Ijumaa barazani.

Wanawake hawakuhesabiwa katika Fungu, kwani hawakupita jando. Walishiriki kwa kupanda tu, na kupalilia, na kuwinga ndege, na kuvuna, na kupura, na kutwanga.

Dosari ilikuwepo, nayo ilikuwa ikitembea kijijini kwa miguu yake. Wakati Mjerumani na Mwingereza walipokuwa wakipigana, majando yalisimama. Nani angekusanya watoto wa kiume porini wakati askari wanapita wakikamata kila mwenye mabega wakambebeshe mizigo? Wavulana wakalimbikizana. Vita vilipokwisha, wote wakaingizwa kumbi moja, wakaliita Jando la Amani. Waliingia wenye ndevu na sauti nzito, wakaingia na watoto ambao juzi tu walikuwa wakinyonya. Mmoja wao, Twalibu, alibebwa begani na baba yake huku akilia kumtaka mama. Baba alihofia jando lijalo litakawia. Inasemekana ngariba alitahiri mpaka mkono ukamvimba. Lilikuwa rika kubwa ambalo halijapata kuonekana, na kwa sheria ya Fungu rika lote hilo lingezeeka siku moja.

Aliyekosekana ni mjomba Kibwana. Yeye mabega yake yalikwisha kukamatwa. Alibeba mizigo ya Waingereza mpaka kusini huko, akarudi kwa miguu kupitia Kisarawe, nyayo zimevimba, akiwa na umri wa kuoa. Alifika Kongowe akakuta kumbi limechomwa moto, kama desturi wari, vijana waliotahiriwa, wanapotoka. Majivu yalikuwa bado yana joto.

"Subiri lijalo," wakamwambia.

Alisubiri zaidi ya miaka mitatu, na Mwanne, mchumba wake, akasubiri naye, maana hakuna mzazi anayemwoza binti yake kwa msungo, mtu asiyepita kumbini, ambaye kwa mila zetu ni mtoto tu. Jando lilipopigwa aliingia na wavulana wanne waliomfikia kiunoni. Wangetoka wapi wengine? Jando la Amani lilikuwa limekwangua mpaka ukoko. Basi tangu siku ile, Twalibu, ambaye mjomba alipata kumbeba mgongoni akamkojolea, akawa mkubwa wake. Mjomba alimwamkia shikamoo mbele za watu, na Twalibu, mtoto wa meno ya juzi, akaitikia marahaba bila kucheka.

Miaka ya kwanza Fungu lilinona. Wazee walikuwa wachache, wa zama za Mjerumani, wengi vibogoyo, wanakula kama ndege. Watoaji walikuwa wengi, tena ndio hao wa Jando la Amani, wenye nguvu zao. Ghala likafurika. Mtu mwingine angesema tuweke akiba, siku zina mambo. Wazee wetu hawakuwa watu wa kumkosea Mungu kwa kuogopa kesho. Waliongeza haki. Ikaja haki ya tumbaku, ikaja haki ya kuku wa Idi, halafu kanzu mpya kila mwaka. Walisema chakula kikikaa sana huoza, na kweli chakula hicho hakikupewa nafasi ya kuoza.

Mjomba alitoa. Alikuwa na shamba la mpunga bonde la Ruvu, upande wa Mlandizi, na kila msimu alilala huko juu ya dungu, ulingo wa miti, akiwinga ndege mchana na kusikiliza viboko usiku. Sehemu ya Fungu aliitenga kwanza, kabla ya ile ya nyumbani. Mwaka wa nzige, alipovuna kidogo kuliko alichopanda, Mwanne alimwambia mwaka huu waache, watoto wana njaa.

"Nikiacha mwaka mmoja nimepoteza yote," alisema. "Yote niliyotoa, Mama Mboni. Nitakuwa kama mtu aliyevuka mto mpaka katikati akageuka nyuma."

"Na mamba yuko upande gani, Baba Mboni?"

Mjomba akajitwika kikapu. Akapeleka mpunga.

Katika miaka hiyo jando lilipigwa mara moja, baada ya nzige. Halafu vikaja vita vingine vya Wazungu, majando yakasimama tena. Vita vilipokwisha likapigwa jingine. Hilo lilikuwa la tatu nyuma ya Jando la Amani, na wari walipotoka, mchana mmoja tu, nusu ya wanaume wa Kongowe wakazeeka.

Mimi nilikuwa mtoto, lakini sitasahau. Asubuhi watu walikwenda shamba wakiimba. Baada ya adhuhuri walirudi wakiwa wazee. Mmoja aliyeshinda mieleka wiki ile ile alimtuma mwanawe amkatie bakora, akaitembelea kutoka mlangoni hadi barazani, akakosea mguu wa kuchechemea. Twalibu alikuwa na miaka thelathini na kidogo, kifua kama ngoma. Alikohoa. Hakuwahi kukohoa maishani mwake, kwa hiyo alikohoa vibaya, akapaliwa, wakampiga mgongoni. "Uzee huu," akasema, na akaketi.

Mjomba siku hiyo alifurahi kuliko wote, masikini. Alipiga hesabu mbele ya Mwanne kwa kokoto tatu: nyuma ya rika lake yalikwisha kutoka majando mawili. Aliondoa kokoto mbili, akaiacha moja chini.

"Jando moja tu, Mama Mboni. Likitoka, naweka jembe. Nitakaa barazani kwangu niangalie watu wakipita."

Hicho tu ndicho alichokitaka duniani. Hakutaka kuku wala kanzu. Alitaka kukaa.

Sasa nitazame, msomaji, uniambie kama unahitaji kusoma chuo ili kuona kinachokuja. Waliokuwa wakilisha ndio sasa wanalishwa. Nani analisha? Rika la mjomba lilikuwa la watu watano. Mmoja alichukuliwa na mamba, mmoja alikwenda kukata mkonge Tanga akaoa huko huko, wawili walihamia Dar es Salaam wakasema watatuma, na wanatuma mpaka leo. Wa rika lililofuata walipelekwa vitani Bama, kupigana na Wajapani, na waliorudi walikwisha kuona dunia, hawakuwa na hamu ya kuona jembe. Wale wadogo wa jando la mwisho walisubiri kidonda kikauke, wakapanda lori kwenda bandarini kubeba magunia kwa mshahara. Msimu mmoja ukija na mwingine ukienda, ghala la Fungu likawa na mlango mmoja wa kuingilia, na mlango huo ulikuwa mgongo wa mjomba.

Wazee nao hawakupunguza haki hata moja. Haki ni haki. Mjomba alipofika na vikapu vyake kutoka Mlandizi, Twalibu alikuwa akichota kiganja cha mpunga, akiupuliza, akiutazama.

"Shikamoo, mzee Twalibu."

"Marahaba, kijana. Mpunga wa mwaka huu una mawe."

"Nitauchambua tena, mzee."

"Vijana wa siku hizi," Twalibu aliwaambia wenzake, na wote wakasikitika.

Basi mjomba akaanza kutafuta jando. Ndiyo, mtu mzima na mvi zake akawa anazunguka nyumba kwa nyumba kuomba watoto wa kiume. Alikwenda Mkuza, akaenda Mlandizi, akafika mpaka vijiji vya Kisarawe kwa ndugu zetu, akiwabembeleza wazazi. Alijitolea kujenga kumbi peke yake. Alikubaliana na ngariba ampe mbuzi wake wawili aliobakiwa nao. Ngariba alisema hana shida, ila hawezi kulitahiri pori, aletewe watu. Na watu hawakuwepo. Siku hizo watoto walikuwa wakipelekwa hospitali. Dakika chache, sindano ya ganzi, bandeji nyeupe, na Jumatatu mtoto yuko darasani. Nani angempeleka mwanawe porini miezi mitatu, akafundishwe nyimbo za kuheshimu wakubwa kama akina Twalibu?

Alikuja na kwetu. Mama yangu, Biubwa, ni dada yake wa tumbo moja, na mimi ni mwanawe wa kiume wa pekee. Kwa mila zetu mpwa ni wa mjomba kuliko wa baba, kwa hiyo alikuja kama mtu anayekuja kuchukua chake, na bado aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Dada, nipe Hemedi. Nikimpata Hemedi, wengine watafuata."

"Kaka, mwanangu haendi kukatwa na kisu kisichojua sabuni ili Twalibu akuite mzee."

"Si Twalibu. Mimi nimechoka, Biubwa."

 Nilimwona mama anataka kulia, na kwa kuwa hakupenda kulia, akakasirika. "Kama ni jando tu, nenda wewe mara ya pili! Pumzika, kaka. Acha kuwapelekea. Utakufa?"

"Nikiacha sasa, hivyo vyote nilivyotoa vilikuwa vya nini?"

Hilo ndilo swali lililomuua mjomba, mimi sijali daktari angesema nini. Wiki iliyofuata mama alinipandisha lori tukaenda Dar es Salaam hospitalini. Mimi sikuulizwa. Nilipewa ganzi na biskuti, nikaona ustaarabu ni kitu kizuri.

Mwisho kabisa mjomba alifanya jambo ambalo angelifanya kwanza kama asingekuwa mtu wa adabu. Alikwenda barazani kwa wazee, akavua kofia, akawaonyesha kichwa. Nilikuwepo, nilikwisha kuwa na ndevu zangu chache, nilimsindikiza.

"Wazee wangu, shikamooni. Majando hayapigwi tena, wenyewe mwaona. Nimetoa tangu siku ya kwanza ya Fungu, sikukosa msimu. Naomba mnihesabie mvi hizi kuwa ni jando la tatu."

Walishauriana kwa muda mrefu, maana shauri fupi lingeonekana dharau. Kisha Twalibu, ambaye kichwa chake kilikuwa cheusi kama chungu, akatoa hukumu.

"Mvi si uzee, Kibwana. Mvi ni nywele. Sheria ni jando. Tukianza kuhesabu mvi, kesho atakuja mwenye upara. Na tena," akashusha sauti kama anayempa siri njema, "wewe ukikaa, nani atasimama?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuwa akifanya mzaha. Hilo lilikuwa neno la kweli pekee lililopata kusemwa juu ya Fungu tangu siku ya Mwinyimadi, na lilisemwa na mtu anayesubiri kupakuliwa.

Mjomba akavaa kofia yake. Njiani nilimwambia mjomba, watu hawa wanakula, wewe waache wafe njaa. Alisema subira yavuta heri. Nikamwambia heri yako inavutwa na Twalibu kwa kijiko. Alitaka kunikemea, akakosa pumzi, akashika mti. Niliumia. Naandika hivi kwa kejeli kwa sababu nikiandika kwa namna nyingine nitavunja kalamu.

Masika ile alivuna vizuri. Alipeleka sehemu ya Fungu Alhamisi, ameichambua mwenyewe jiwe kwa jiwe. Jumamosi alijilaza mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Mwanne alipokwenda kumwamsha kwa ajili ya alasiri, alikuwa amekwisha kupumzika bila ruhusa ya mtu.

Fungu lilikuwa na desturi moja ya heshima: mtoaji akifa, ubwabwa wa hitima hutoka ghalani. Labda waliipitisha kwa sababu wazee nao wangekuwepo kuula. Siku ya hitima mikeka ilitandikwa, Kurani ikasomwa, masinia yakatua. Kabla hatujanawa, Twalibu akasimama. Hakushika bakora, alikuwa ameisahau nyumbani.

"Ndugu zangu, kijana wetu ametutoka mapema," alisema, na sauti ilimtetemeka kweli. "Ametuachia pengo."

Wenzake wakaitikia, kila mtu akipapasa pengo hilo tumboni.

"Lakini mila zetu hazimwachi mtu yatima. Jembe la mjomba hurithiwa na mpwa. Hemedi yuko hapa, kijana mwenye afya, mashallah. Shamba la Mlandizi lipo. Tunamkabidhi nafasi ya marehemu, atoe kama alivyokuwa akitoa mjomba wake, na inshallah naye siku yake itafika."

Macho yote yakanigeukia. Mwanne alikuwa amesimama mlangoni kwa upande wa jikoni, kanga imemshuka begani, ananitazama.  Alikuwa amechoka kuliko mjomba, na hakuna aliyewahi kumpigia hesabu hata kwa kokoto moja.

Nikainuka. "Shikamooni, wazee wangu. Nashukuru kwa heshima. Lakini mimi nilitahiriwa hospitalini. Sikuingia kumbi, sina rika, sikutoka jando lolote. Kwa sheria ya Fungu, sheria yenu wenyewe, mimi ni msungo. Ni mtoto. Mtoto halishi watu wazima. Mtoto hulishwa."

 Twalibu alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Mtoto gani, Hemedi? Wewe una ndevu!"

"Ndevu ni nywele, mzee."

Nyuma yangu nilisikia Mwanne akipumua. Nikanawa mikono kabla ya mkubwa yeyote, kama mtoto asiyefunzwa, nikaketi kwenye sinia lao la mbele, nikamvuta Mwanne naye aketi karibu yangu, na nikakata tonge la kwanza nikamtia yeye mdomoni. Mpunga ulikuwa ni ule wa Alhamisi. Haukuwa na jiwe hata moja, na ndiyo mara ya kwanza mtu wa nyumba ya mjomba kuonja chakula cha Fungu.